Mvua Ikiwakuta Kambini: Somo kwa Mume na Mke



Siku hizi mume na mke wengi wa Kitengela, Isinya na Kajiado wameanza desturi ya kuondoka nyumbani siku mbili tatu na kwenda kupiga kambi. Wengine huenda wawili tu na kumwachia nyanya watoto. Wengine huwachukua watoto wote, pamoja na sufuria na mablanketi. Ni desturi njema. Nyumbani mazungumzo ya wanandoa hukatizwa na kila kitu: simu, wageni, madeni, kazi ya zamu, na msongamano wa magari kwenye barabara ya Namanga. Kambini hakuna pa kukimbilia. Wawili huketi pamoja, hula kutoka sufuria moja, hulala mapema, na hukumbuka kwa nini walichaguana.

Shida ni moja. Watoto hufunga shule mwezi wa Aprili na tena mwishoni mwa mwaka. Aprili ni katikati ya mvua ndefu, na Novemba hadi mwanzo wa Desemba ni mvua fupi. Basi familia inayongoja likizo ili ipige kambi inaweza kujikuta ndani ya hema huku mvua ikinyesha usiku kucha. Hapo ndipo wengi husema, "Safari imeharibika."

Somo letu la leo lasema sivyo. Mvua haiharibu safari. Kinachoiharibu mara nyingi ni lawama: "Nilikuambia tusije!" "Si ni wewe uliyesema hema halivuji?" Kisha wawili hugeukiana migongo, na watoto hunyamaza wakisikiliza. Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Ubishi wa mume na mke mbele ya mto uliojaa unaweza kuwapotezea maisha. Kwa hiyo tutajifunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuifurahia kambi wakati wa mvua, na jinsi ya kupatana mapema ni wakati gani mnapaswa kurudi.

1. IFAHAMUNI MVUA YA KWETU

Kajiado ni nchi kavu. Sehemu za Amboseli hupata kama milimita 300 tu za mvua kwa mwaka, hali vilima vya Ngong hupata mara kadhaa ya kiasi hicho. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na wafugaji wetu walipoteza ng'ombe wengi mno. Mtu aliyeona mizoga ile kando ya barabara hawezi kuitukana mvua kwa sababu imemlowesha viatu. Ndugu zetu Wamaasai wana neno moja, Enkai, ambalo ni jina la Mungu na pia ni neno la mvua. Hilo pekee litufundishe kuipokea kwa heshima.

Lakini nchi kavu ikipata mvua nyingi kwa siku chache, maji hayapati pa kwenda. Udongo mweusi wa Kitengela na Isinya ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa huvimba, hunata, na kushika magurudumu ya gari kama gundi. Makorongo ambayo mwaka mzima ni njia ya mbuzi hugeuka mito kwa dakika chache, hata mahali ambapo mvua haikunyesha, kwa kuwa maji yametoka milimani mbali.

Tuliyaona haya mwaka 2024. Katika mvua za Machi hadi Mei mwaka huo, watu zaidi ya 200 walikufa kwa mafuriko katika nchi yetu. Hapa Kitengela watu waliokolewa kutoka nyumba zilizozingirwa na maji. Mwanzoni mwa Mei, kule Maasai Mara, mto Talek ulipanda na kufunika kambi za watalii zilizojengwa kando yake, na makumi ya watu waliokolewa na Msalaba Mwekundu, wengine kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi zenye wafanyakazi na vitanda. Sembuse hema lenu dogo?

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kufunga mizigo. Idara ikitangaza mvua kubwa yenye hatari ya mafuriko, ahirisheni. Ikitangaza mvua ya kawaida, ya jioni na usiku, nendeni mkiwa tayari. Hiyo ndiyo mvua tunayoizungumzia katika somo hili.

2. ZUNGUMZENI KABLA YA KUONDOKA

Wenzetu wengi huandaa nyama, makaa na soda, lakini hawaandai mioyo. Yafaa mume na mke waketi jioni moja, wiki moja kabla ya safari, na kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: Tunaenda kutafuta nini? Pengine mume anataka kutembea na kuona wanyama, na mke anataka tu kupumzika asipike wala asifue kwa siku mbili. Wasipoambiana, mvua ikinyesha kila mmoja ataona ameibiwa haki yake. Wakiambiana, hata mvua ikifunga njia ya matembezi, angalau haja ya mmoja itatimia, na mwenzake atafurahi kwa ajili yake.

Swali la pili: Nani atafanya nini? Haifai kambi iwe ni jikoni kwa mama kulikohamishwa porini. Gawaneni kazi kwa kutajana: wewe utasimamisha hema, mimi nitapanga malazi, wewe utawasha moto, mimi nitakata vitunguu, tutaosha vyombo pamoja. Hema lisimamishwe na watu wawili. Mvua ikianza kunyesha kabla hamjamaliza, dakika tano za mikono minne zina thamani kuliko nusu saa ya mtu mmoja anayenung'unika. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Swali la tatu: Nani atasema turudi? Hili ndilo wengi hawalizungumzi, na ndilo zito kuliko yote. Tunashauri kila nyumba iwe na sheria hii moja, ikubaliwe na wote wawili kabla gari halijawashwa: juu ya maji, radi na moto, anayeogopa ndiye anayesikilizwa. Haijalishi ni mume au mke, wala ni nani anayeendesha gari. Mmoja akisema, "Mimi naogopa, turudi," mwingine hatabisha. Watarudi, au watangoja mahali salama.

Kwa nini sheria hii? Kwa sababu mbele ya hatari watu wa ndoa hawabishani juu ya hatari yenyewe. Hubishana juu ya heshima. Mume aliyeshika usukani husikia maneno ya mkewe kana kwamba anaambiwa hajui kuendesha. Mke aliyelipia kambi kwa akiba yake ya chama huona akirudi atakuwa amepoteza pesa na ameshindwa. Basi kila mmoja hujikaza. Sheria iliyowekwa nyumbani, watu wakiwa wametulia, huondoa aibu hiyo. Hakuna aliyeshindwa. Mmetimiza tu neno mlilopatana.

Sheria hii ina masharti mawili. La kwanza, ni kwa hatari ya uhai tu. Haihusu tope, mbu, wala soksi kulowa. Kwa mambo hayo tuvumiliane. La pili, aliyesikilizwa asichekwe baadaye. Hata ikiwa mto ulipungua saa moja baadaye, usimwambie mwenzako mbele ya marafiki, "Huyu alitutia woga bure." Ukimcheka mara moja, mara ya pili atanyamaza, na siku hiyo huenda kunyamaza kwake kukawagharimu.

3. MAHALI PA KUPIGA HEMA

Katika kaunti yetu hatukosi mahali. Vilima vya Ngong, vyenye urefu wa mita 2,460 hivi juu ya bahari, vina upepo na baridi kali mvua ikinyesha. Anayelala huko achukue mablanketi zaidi. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi kupita Kiserian, ni bondeni na kuna joto. Hapo Makavazi ya Kitaifa yanatunza zana za mawe za watu wa kale, ambazo Louis Leakey na mkewe Mary walianza kuzichimba miaka ya 1940, na wageni wanaweza kupiga hema au kulala katika vibanda. Kwa wanaoanza, kibanda cha karibu ni msaada mkubwa: hema likishindwa, mnahamia chini ya paa. Amboseli nako kuna kambi, lakini mvua kubwa ikinyesha sehemu za mbuga hugeuka ziwa. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kwenda. Njia ya Emali hadi Kimana ina lami.

Popote mtakapokwenda, fuateni mambo haya:

Kwanza, msipige hema ndani ya korongo wala ukingoni mwa mto, hata kama mchanga ni mkavu na laini. Mchanga ule uliletwa na maji, na maji yanaijua njia yake.

Pili, chagueni mahali palipoinuka kidogo, penye mteremko mdogo ili maji yapite. Zamani watu walichimba mfereji kuzunguka hema. Siku hizi kambi nyingi hazikubali, kwa kuwa mifereji hiyo humomonyoa ardhi. Mahali pazuri hapahitaji mfereji.

Tatu, tazameni juu. Msilale chini ya mti wenye matawi makavu, wala chini ya mgunga uliosimama peke yake uwandani, kwa sababu ya radi.

Nne, kama ni udongo mweusi, vigingi vya hema havitashika ukilowa. Tafuteni penye changarawe, au wekeni mawe mazito juu ya kila kigingi. Gari liegesheni mahali pagumu, likielekea njia ya kutokea.

4. KUKAA MKAVU

Mtu mkavu ni mpole. Mtu aliyelowa na kutetemeka hugombana na yeyote aliye karibu, na kambini aliye karibu ni mwenzi wako. Kwa hiyo kukaa mkavu ni sehemu ya amani ya nyumba.

Lijaribuni hema nyumbani. Lisimamisheni uani, mlimwagie ndoo mbili tatu za maji, kisha mmoja aingie ndani kutazama mishono. Afadhali kugundua tundu Kitengela kuliko kuligundua Olorgesailie saa nane ya usiku. Hema zuri la mvua lina paa la pili juu yake. Kazeni kamba ili paa hilo lisigusane na hema la ndani, maana pale vinapogusana maji hupenya. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema. Likitokeza litapokea mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya magodoro yenu. Likunjeni kingo zake ziingie chini.

Asubuhi mkikuta matone ndani ya hema, msifikiri lazima linavuja. Pumzi za watu wawili kwa usiku mzima hutoa mvuke mwingi, nao hugeuka maji ukigusa kitambaa baridi. Acheni madirisha madogo ya juu wazi kidogo hata kama kuna baridi.

Juu ya malazi, kumbukeni kwamba baridi ya usiku hutoka chini zaidi kuliko juu. Blanketi tatu juu ya mtu aliyelala karibu na ardhi hazimfai kitu. Tandikeni turubai, kisha magunia au mkeka, kisha godoro. Sweta na blanketi za sufu hutunza joto hata zikipata unyevu. Nguo za pamba na suruali za jinzi zikilowa hunyonya joto la mwili na hazikauki upesi.

Kila mtu awe na nguo za kulalia ambazo hazitoki nje ya hema kamwe. Hata mchana mkilowa mara nne, usiku mtavaa kikavu. Nguo hizo, pamoja na kibiriti, tochi na dawa, zitieni katika ndoo zenye mfuniko kama zile za rangi. Msitegemee mifuko ya plastiki. Ile ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika mbuga. Ndoo ni bora, na pia ni kiti.

Chakula kiwe rahisi. Chemsheni githeri nyumbani ibaki kuungwa tu. Pikeni chapati siku ya kuondoka. Chukueni chupa kubwa ya kuhifadhi joto na kuijaza chai kabla ya giza, ili mvua ikianza hakuna atakayelazimika kutoka. Kikombe cha chai ya moto kinachopitishwa kwa mwenzako bila kuombwa kina maana kuliko hotuba ndefu. Makaa yatunzeni katika debe lenye mfuniko, na mpikie chini ya turubai lililofungwa kwenye miti au kwenye gari, mbali na hema, pande zake zikiwa wazi. Taa nayo iwekeni mbali na mlango, la sivyo kumbikumbi wote wa nchi watakuja kula nanyi.

5. MAMBO MATATU YASIYO NA MCHEZO

Maji yanayopita barabarani. Mtu mzima anaweza kuangushwa na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu. Sentimita 30 zaweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 zaweza kubeba magari mengi, hata yale makubwa ya kubeba familia. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa watu kama sisi, na waliokuwa wakiwatazama walikuwa ukingoni. Kwa hiyo mkifika mtoni na hamwoni barabara chini ya maji, simameni. Maji ya ghafla hupungua baada ya saa kadhaa. Kungojeni.

Jambo hili linahusu hata siku ya Jumapili. Kama mtalala hadi Jumapili, ulizeni mapema Misa ni saa ngapi katika parokia iliyo karibu. Lakini mto ukiwafungia njia, msijitose majini kwa kuogopa kuchelewa. Kanisa halimdai mtu Misa kwa gharama ya uhai wake. Salini pamoja hemani.

Mabonde membamba nayo ni hatari. Katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua matembezini vijana wa kanisa mwaka 2012, na tena wageni wengine Septemba 2019. Mawingu yakiwa mazito, msiingie katika genge wala bonde lenye kuta.

Jiko ndani ya hema. Kuna baridi, kuna mvua, watoto wanatetemeka, na makaa bado ni mekundu. Ni rahisi kusema, "Tuliingize dakika kumi tu." Msifanye hivyo hata kwa dakika moja. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu haoni kukosa pumzi. Huona usingizi tu, akalala asiamke. Jiko lililofunikwa na majivu ni la hatari vilevile, na jiko la gesi pia lisiwashwe ndani. Anayetaka joto achemshe maji, ayatie katika chupa ngumu iliyofungwa vizuri, aizungushie kitambaa na kuiweka miguuni.

Radi. Hema halikingi radi. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita moja. Zikipungua sekunde 30, ingieni wote katika nyumba au ndani ya gari lenye paa la chuma na mfunge madirisha. Ngojeni humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ndani ya gari hadithi zinasimulika vilevile.

Katika haya matatu ndipo ile sheria yetu inapofanya kazi. "Baba watoto, mimi naogopa maji haya." Jibu ni moja: "Sawa mama, tungoje." Au, "Mama watoto, radi imekaribia, tuingie garini." "Haya, baba, niwachukue watoto." Hakuna la kuongeza.

6. MKISHAFUNGIWA NA MVUA

Sasa hatari hakuna. Hema limesimama, wote ni wakavu, chai ipo, na mvua inapiga paa. Saa ni kumi na mbili na nusu jioni. Mtafanya nini mpaka asubuhi?

Wengine hushika simu. Tunashauri simu moja ibaki na chaji kwa ajili ya dharura, nyingine zizimwe. Kisha chagueni kati ya haya:

Wasimulieni watoto jinsi mlivyokutana. Watoto wengi hawajui. Kila mmoja asimulie upande wake bila kusahihishwa na mwenzake, hata akikosea tarehe.

Chukueni karata au bao. Mchezo huwarudisha watu wazima kwenye kicheko, na nyumba ambayo haijacheka kwa miezi mingi inahitaji kicheko kabla ya mazungumzo mazito.

Pangeni jambo moja la mbele, kama vile kisima, karo, au chumba cha mama mkwe. Lakini madeni na lawama za zamani msiyafungue usiku wa kwanza. Mtu aliyefungiwa hemani hana pa kwenda kupoa. Kama kuna jambo zito, liachieni asubuhi, mtembee mkilizungumza. Ni rahisi kusema maneno magumu mkitazama mbele pamoja.

Mwisho, kubalini kunyamaza. Sauti ya mvua huzima maneno, na mume na mke waliooana miaka mingi wanaweza kulala wakiisikiliza tu, mkono katika mkono. Mkiwa wawili peke yenu hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

7. ASUBUHI BAADA YA MVUA

Amkeni mapema. Mvua ya usiku huosha vumbi lote la Kajiado. Amboseli, mlima Kilimanjaro mara nyingi huonekana wazi alfajiri kabla mawingu hayajapanda. Vilimani Ngong, siku ikiwa safi, utaona Nairobi upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Hata tambarare za Kitengela hubadilika. Majani huchipuka, na tangu zamani nyumbu na pundamilia wametoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kuja kulisha huku kwetu, ingawa siku hizi ua na majumba yamewafungia njia nyingi. Wonyesheni watoto jambo hili. Mkiwa mnavaa viatu, vikung'uteni kwanza, maana nge na wadudu wengine hutafuta pakavu kama nyinyi.

Mkifika nyumbani, lianikeni hema siku hiyo hiyo. Hema lililokunjwa likiwa na unyevu huota ukungu na kuoza, na safari ijayo itaanza na ugomvi. Kisha, kabla ya kulala, kila mmoja amtajie mwenzake jambo moja alilolifanya vizuri kambini. Asitaje la kukosoa. Hayo yana siku yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Mume na mke wayajibu wakiwa wawili, au katika kikundi cha wanandoa.

1. Mara ya mwisho tulipopatwa na shida safarini, tulisaidiana au tulilaumiana? Ni neno gani lililosemwa ambalo bado linauma?

2. Mimi nikisema "naogopa", wewe husikia nini? Husikia hofu yangu, au husikia kwamba nimekudharau?

3. Je, tunakubali kwamba juu ya maji, radi na moto, anayeogopa ndiye atakayesikilizwa? Kama mmoja wetu anaona ugumu kuikubali, ni kwa nini?

4. Kazi gani za kambini tungependa kubadilishana?

ZOEZI LA MWEZI HUU

Jumamosi moja jioni, simamisheni hema uani kwenu, au azimeni la jirani. Kama hakuna hema, fungeni turubai kwenye ua. Andaeni chai, zimeni simu, mkae chini yake saa moja. Mvua ikinyesha, kaeni, mradi hakuna radi. Mtajua mapema kama hema linavuja, na mtajua pia ni mazungumzo gani mliyoyaahirisha kwa muda mrefu. Mkiweza kukaa saa moja kwa amani chini ya turubai hapo nyumbani, mko tayari kwa safari.